Piki ya Gumba Huchaguliwa kwa Gumba

Anayetaka kununua piki ya gumba kwa ajili ya kupiga gitaa kwa vidole mara nyingi huwa na jina kichwani kabla hajafika dukani: jina la kampuni, au la mpigaji anayemhusudu. Nadhani anaanzia mahali pasipofaa. Piki hii ni kipande kidogo, aghalabu cha plastiki, chenye pete ya kuvaliwa kwenye gumba na ulimi unaochomoza pembeni ili uguse uzi. Watu hubishana sana kuhusu chapa yake na kilichotumika kuitengeneza, lakini yanayoamua kama utapiga vizuri ni mawili: pete inakaaje kidoleni, na ulimi una urefu gani.

Sababu iko katika kazi yenyewe. Mtindo uliopewa jina la Merle Travis, mpiga gitaa Mmarekani aliyezaliwa Kentucky mwaka 1917, hulipa gumba zamu ya besi. Hupiga uzi mnene, likahamia wa pili, likarudi, bila kukosa pigo, huku kidole cha shahada kikiimbisha nyuzi nyembamba. Ubavu wa kiganja hulalia nyuzi za besi karibu na daraja la gitaa ili sauti isivume mno. Uzi uliozimwa hivyo, ukipigwa kwa nyama ya gumba, hutoa mlio hafifu. Ncha ngumu ya piki huurudishia makali. Sasa hesabu: wimbo wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika unalidai gumba mapigo 120 kila dakika. Pete iliyolegea huzunguka kidogo kila mara, ulimi unabadili pembe, na mpigaji anajikuta akiibana piki kwa kidole cha shahada, kidole kilekile kinachohitajika kwenye melodi. Iliyobana nayo huzuia damu, gumba likafa ganzi kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo kuivaa kidogo na kuivua hakutoshi. Ivae, upige mfululizo kwa dakika kadhaa, kisha uangalie kama imehama.

Pete ya plastiki isiyokaa sawa mara nyingi hurekebishika. Itumbukize katika maji ya moto mpaka ilainike, itoe kwa kijiko, ikunje au uipanue taratibu, kisha uishike katika umbo hilo ndani ya maji baridi. Usiipeleke kwenye moto wa kibiriti wala wa jiko, kwa sababu piki nyingine ni za seluloidi, na seluloidi hushika moto upesi mno. Ulimi mrefu huzama kati ya nyuzi, unanasa, na gumba linachelewa. Unaweza kuupunguza kwa tupa ya kucha na kuulainisha ukingo kwa msasa laini, ila kidogokidogo, maana uliokatwa haurudi.

Wapo watakaosema kuwa malighafi ndiyo inayoamua sauti. Kuna ukweli hapo: chuma hutoa mlio mkali, na plastiki nyembamba hupinda na kulainisha pigo. Lakini tofauti hiyo haisikiki ipasavyo kwenye piki inayocheza kidoleni, na kuhamisha mkono kutoka darajani kuelekea tundu la gitaa hubadili sauti pengine kuliko kubadili piki. Hata majina makubwa hayasaidii hoja yao. Mpiga gitaa Chet Atkins alimsikia Travis redioni bila kuuona mkono wake, akadhani anatumia vidole vingi, akajenga namna yake ya gumba na vidole viwili, wakati mwingine vitatu. Wote wawili walivaa piki ya gumba, na kila mmoja alitoka na muziki wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba piki haihitajiki kabisa. Mpiga gitaa Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928 kwa vidole vitupu, na besi yake haikosi kitu. Huku kwetu, mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alijulikana kwa kujenga muziki mzima kwa gumba na kidole cha shahada. Sina la kupinga hapo. Kama gitaa lako lina nyuzi za nailoni, au hupendi besi iliyozimwa kwa kiganja, liache gumba wazi. Anayetegemea kucha kwenye nyuzi za chuma ajue tu kwamba kucha huchakaa na kuvunjika.

Anayeihitaji piki anunue mbili za bei nafuu zenye saizi tofauti kabla ya moja ya gharama. Na wauzaji wa ala nawaomba waweke saizi zaidi ya moja, wamruhusu mteja aivae na kuijaribu kwenye gitaa palepale dukani.