Je, Michezo ya Video Huchochea Vurugu? Tupime Maneno Kabla ya Kutoa Hukumu

Katika midahalo ya vyama vya Kiswahili, shuleni na vyuoni, kuna mada ambayo haichuji: "Michezo ya video yenye mapigano huchochea vurugu katika jamii." Upande wa kuunga mkono hutaja mauaji yaliyotokea katika shule za Marekani. Upande wa kupinga hujibu kwamba mamilioni ya vijana hucheza michezo hiyo na hawajamdhuru mtu. Makofi hupigwa, kura huhesabiwa, na mara nyingi hakuna aliyebadili mawazo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubishi huo hutokana na maneno ya mada yenyewe. Tukishayapima maneno hayo, ushahidi uliopo unatuelekeza mahali ambapo sisi walimu wa lugha tunahusika moja kwa moja, yaani kwenye daftari la insha.

Chimbuko la mjadala

Lawama dhidi ya michezo ya video si mpya. Mwaka 1976 mchezo ulioitwa Death Race, ambamo dereva aligonga vijitu kwenye skrini, ulizua malalamiko makubwa Marekani. Mwaka 1993 Seneti ya nchi hiyo ilifanya vikao kuhusu michezo kama Mortal Kombat, na mwaka uliofuata watengenezaji wakaanzisha utaratibu wa kuonyesha kwenye kasha la mchezo umri wa mchezaji unaofaa.

Hata hivyo, tukio lililoupa mjadala huu nguvu duniani kote ni la tarehe 20 Aprili 1999. Wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Columbine, katika jimbo la Colorado, waliwaua kwa risasi wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Ilipofahamika kwamba vijana hao walipenda kucheza Doom, mchezo wa kufyatua risasi uliotoka mwaka 1993, watu wengi waliona kwamba jibu limepatikana.

Ndugu msomaji, hapo ndipo panapotakiwa tahadhari. Msimu wa mvua miavuli huuzwa sana, na malaria nayo huongezeka. Hakuna anayesema kwamba mwavuli huleta malaria. Vilevile, kujua kwamba muuaji alicheza mchezo fulani si sawa na kujua kwamba mchezo huo ndio uliomfanya aue.

Vitenzi vitatu na nomino moja

Katika mijadala hii vitenzi vitatu hutumiwa kana kwamba ni visawe: kuhusiana, kuchochea na kusababisha. Tukivichunguza tutaona kwamba havilingani.

Kuhusiana kunaeleza tu kwamba mambo mawili huenda pamoja. Hakusemi ni lipi lililozaa lingine. Kusababisha ni kitenzi kilichotokana na nomino sababu, nacho kinadai mengi zaidi: kwamba jambo la pili limetokea kwa kuwa la kwanza lilikuwapo. Kuchochea kuna asili yake jikoni. Mpishi huchochea moto kwa kusukuma kuni ndani ya mafiga ili uwake zaidi. Anayechochea si lazima awe ndiye aliyewasha. Kwa hiyo, mtu anayesema kwamba mchezo umechochea mauaji ana wajibu wa kutueleza ni moto gani uliokuwa ukiwaka tayari, na nani aliuwasha.

Nomino yenyewe, vurugu, nayo ni pana mno. Tunasema darasa lina vurugu wanafunzi wanapopiga kelele. Tunasema kulikuwa na vurugu sokoni watu wanaposukumana. Tunatumia neno hilohilo kuhusu mapigano yaliyoua watu. Upande mmoja wa mdahalo ukifikiria kelele na mwingine ukifikiria maiti, pande hizo mbili hazijadili jambo moja.

Utafiti unasema nini

Watafiti wa saikolojia hutofautisha uchokozi mdogo wa kila siku, kama vile kufoka na kusukuma, na ukatili wa kujeruhi au kuua. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kuelewa matokeo yao.

Mwaka 2000 Craig Anderson na Karen Dill walichapisha utafiti uliojulikana sana. Baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu walicheza mchezo wa kupiga risasi na wengine wakacheza mchezo wa utulivu, kisha wote wakashindanishwa. Mshindi aliruhusiwa kumpigia mpinzani wake kelele kali masikioni. Waliocheza mchezo wa risasi walipiga kelele hizo kwa muda mrefu zaidi. Matokeo hayo yana uzito wake, lakini kilichopimwa ni urefu wa kelele katika maabara. Hayawezi kutumiwa peke yake kueleza mauaji.

Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti uliohusu vijana 1,004 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15. Waliwauliza vijana kuhusu michezo wanayocheza, na wakawauliza wazazi au walezi kuhusu mwenendo wa vijana hao. Aidha, mbinu za uchambuzi zilitangazwa mapema ili watafiti wasichague matokeo yanayowapendeza. Hawakuona uhusiano kati ya michezo yenye mapigano na uchokozi wa vijana.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa msimamo wake mwaka 2020. Kilisema kwamba upo uhusiano mdogo kati ya michezo hiyo na uchokozi kama kufoka na kusukuma, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha na ukatili mkubwa. Isitoshe, Japani na Korea Kusini, ambako michezo ya video imeenea sana, zina viwango vya mauaji vilivyo chini mno kuliko Marekani.

Uchochezi tunaoufahamu

Sisi wa eneo hili hatuhitaji kwenda mbali kutafuta maana kamili ya uchochezi. Redio RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwezi Julai 1993. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Rufaa ya mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini ilikubali kwamba matangazo yaliyotolewa baada ya tarehe 6 Aprili 1994 yalichochea mauaji ya kimbari.

Tulinganishe. Mchezo wa video humwonyesha mchezaji adui wa kubuni, katika nchi ya kubuni, na mchezo ukiisha adui naye ameisha. Uchochezi wa redio ile ulitumia maneno kuwalenga majirani halisi, wenye majina na nyumba. Kuviita vitu hivi viwili kwa kitenzi kimoja bila kufafanua ni kulipunguzia neno uchochezi uzito wake, na sisi tunaofundisha Kiswahili hatupaswi kukubali jambo hilo lipite kimyakimya.

Daftari la insha

Baada ya mkasa wa Columbine, idara ya ulinzi ya Marekani iitwayo Secret Service ilishirikiana na Wizara ya Elimu kuchunguza mashambulizi 37 yaliyofanywa shuleni na vijana 41 kati ya mwaka 1974 na 2000. Ripoti ilitoka mwaka 2002. Kati ya washambuliaji hao 41, waliojulikana kwa kupenda michezo ya video yenye ukatili walikuwa 5 tu. Waliopenda filamu za namna hiyo walikuwa 11, na vitabu 10. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la vijana 15 walioonyesha kuvutiwa na ukatili katika maandishi yao wenyewe: mashairi, insha na shajara.

Tukitumia mantiki ile ile ya mdahalo, ingetubidi tuseme kwamba uandishi wa mashairi huchochea mauaji kuliko michezo ya video! Bila shaka hakuna mwalimu atakayekubali. Shairi halikumfanya kijana aue. Lilikuwa mahali alipoutolea moyo wake. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba wengi wa vijana hao walikuwa wamewahi kufikiria au kujaribu kujiua, kwamba wengi walijiona wameonewa, na kwamba katika asilimia 81 ya mashambulizi yupo angalau mtu mmoja aliyekuwa na habari za mpango kabla haujatekelezwa. Idadi ya matukio ni ndogo na yote ni ya nchi moja, kwa hiyo tusiichukue kama kipimo cha kila mahali. Lakini wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mwalimu wa lugha ni miongoni mwa wachache wanaosoma anga hilo kila wiki.

Hii haina maana kwamba kila insha yenye damu ni hatari. Wanafunzi wengi huandika hivyo kwa kuiga filamu au kwa kutaka kumshangaza mwalimu. Kinachostahili kuangaliwa ni maandishi yanayotaja watu halisi, siku na namna ya kuwadhuru. Yanayojaa kukata tamaa na kutaka kufa. Au yanayoonyesha mabadiliko ya ghafla kwa mwanafunzi tunayemfahamu. Insha ya namna hiyo isisomwe mbele ya darasa, wala isirudishwe ikiwa na alama za sarufi peke yake. Mwalimu amwite mwanafunzi faraghani, amsikilize, na amshirikishe mshauri wa wanafunzi.

Hitimisho

Kwa wazazi, kasha la mchezo lililoandikwa umri wa miaka 18 lina sababu zake, na kumzuia mtoto mdogo asiucheze hakuhitaji kumtisha kwamba atakuwa muuaji. Usingizi, masomo na utulivu wa akili ni sababu zinazotosha.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa midahalo, ningependekeza mada igawanywe mara tatu: kama michezo hii inahusiana na uchokozi mdogo; kama inabadili hisia za mchezaji kwa muda mfupi; na kama inasababisha mauaji. Swali la kwanza na la pili yana ushahidi wa kubishania. La tatu halina ushahidi wa kutosha.

Na kwa walimu wenzangu, tusiwe wepesi wa kukishutumu kifaa ambacho kijana anakichezea, huku tukisahihisha haraka haraka ukurasa ambao ameandika kwa mkono wake mwenyewe akitarajia kwamba tutausoma.