Ukibanwa na fedha, uuze chombo kipi cha muziki?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuwaambia wenye maduka na wafugaji, lakini lipo kundi jingine la wajasiriamali ambalo unalihusu sana: wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaopiga muziki kama kazi ya pili.

Watu hawa wapo karibu kila mji mdogo nchini. Mchana utawakuta shambani au kwenye genge la nyanya, na Jumamosi jioni utawakuta harusini wakiwa na gita, kinanda na spika mbili zilizopandishwa juu ya meza. Kwa familia nyingi kipato hicho ndicho kinachonunua mafuta ya taa na ya kula, sabuni na madaftari ya watoto.

Tatizo ni kwamba kazi hii ina msimu, kama ulivyo mpunga. Mavuno yakishaingia ndani, watu wanaoa, wanacheza ngoma na kualikana. Masika yakianza, kila mtu yupo shambani na mfuko hauna kitu. Waislamu wakiwa kwenye mfungo wa Ramadhani na Wakristo kwenye Kwaresima, harusi nazo hupungua. Wakati huo huo ndipo shamba linapodai palizi na mbolea. Mpiga muziki anaviangalia vyombo vyake pale kwenye kona ya nyumba na kujiuliza: niuze kipi?

Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu swali hilo bila kujifungia mlango wa riziki.

Mnunuzi wa kwanza si mshauri wako

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuuza chombo kinachoulizwa. Habari zikishaenea kwamba fulani amebanwa, mnunuzi hufika mapema asubuhi, fedha mkononi. Hata siku moja haji kuulizia kile usichokihitaji. Anataka kilicho bora, na anakitaka kwa bei ya hasara kwa kuwa anajua una shida.

Mwenye chombo anaziona noti, anafikiria mbolea, anakubali. Msimu wa harusi ukifika ndipo anapogundua kwamba alichouza ndicho kilichokuwa kikivilisha vyombo vingine vyote. Ni sawa na mkulima anayeuza nira na plau akabaki na maksai wawili wanaokula bure.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Takwimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake.

Mkulima huyu ana ekari tatu na anahitaji Sh 500,000 kwa ajili ya palizi na mbolea. Ndani ana gita la umeme, kinanda, amplifaya na spika zake, seti ya dramu, na kodiani aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mwaka uliopita alipiga katika hafla 20, na baada ya kulipa usafiri na wasaidizi alibakiwa na Sh 60,000 kwa kila moja. Hiyo ni Sh 1,200,000 kwa mwaka.

Mnunuzi amekuja na Sh 600,000, anataka amplifaya na spika. Kwa haraka haraka biashara ni nzuri: palizi imepatikana na Sh 100,000 imebaki. Lakini tufungue daftari. Amplifaya ilitumika katika hafla zote 20. Akiiuza, itambidi akodi nyingine kwa Sh 30,000 kila hafla, yaani Sh 600,000 kwa mwaka. Aidha, aliikodisha mara nane kwenye mikutano na misiba kwa Sh 30,000, akapata Sh 240,000. Ukijumlisha, kuuza amplifaya kutamgharimu Sh 840,000 katika mwaka mmoja tu. Amepokea laki sita, amepoteza zaidi ya laki nane.

Tuje kwenye kinanda, ambacho kingeuzwa Sh 400,000. Katika hafla 16 kinanda ndicho kilichotoa mdundo na besi. Bila hicho itabidi aite watu wawili na kuwalipa Sh 15,000 kila mmoja. Hiyo ni Sh 480,000 kwa mwaka, na fedha aliyoipata haitoshi hata palizi.

Gita lingempa Sh 250,000, nusu tu ya anachohitaji. Kuazima la mwenzake kwa Sh 10,000 kila hafla ni Sh 200,000 kwa mwaka.

Zimebaki dramu, zenye bei ya Sh 450,000. Hizi zilitoka nje mara nne tu. Mwenye harusi aliyezitaka aliongeza Sh 40,000, lakini gari na mpigaji vilikula Sh 30,000, ikabaki Sh 10,000. Kwa mara nne ni Sh 40,000. Kwaya ilizikodi mara mbili kwa Sh 20,000, ikawa Sh 40,000 nyingine. Kwa mwaka mzima dramu zimeleta Sh 80,000, nazo zinachukua nusu ya chumba.

Jibu limejitokeza. Auze dramu. Pengo la Sh 50,000 linaweza kuzibwa kwa kukodisha amplifaya mara mbili.

Msomaji asichukue hapa kwamba dramu ndizo za kuuzwa siku zote. Kwa mwenzake anayepigia bendi yenye wapigaji kamili, huenda dramu ndizo zinazomlisha na kinanda ndicho kinachokaa bure. Kinachotakiwa ni njia ya kuhesabu; jibu litatoka kwenye daftari la kila mmoja.

Maswali manne ya kujiuliza

Kwanza, chombo hiki kimeleta shilingi ngapi katika miezi 12 iliyopita? Usihesabu mwezi mmoja, kwa kuwa mwezi wa harusi na mwezi wa palizi havifanani. Toa gharama za nyuzi, fundi na usafiri.

Pili, je, vyombo vingine vinakitegemea? Gita la umeme bila amplifaya halisikiki hata mlangoni. Chombo kinachotegemewa na vingine kiuzwe mwisho.

Tatu, nikitaka kukirudisha nitalipa ngapi? Ukiuza kwa Sh 250,000 kitu ambacho baadaye utakinunua kwa Sh 450,000, gharama ya kweli ya dhiki yako ni Sh 200,000. Ilinganishe na gharama ya kukopa.

Nne, kinapoteza thamani kwa kasi gani? Vyombo vya elektroniki kama vinanda hushuka bei kila toleo jipya linapoingia madukani, na vumbi na unyevu huviharibu hata visipopigwa. Gita la mbao lililotunzwa hukaa na thamani yake muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, kama vyombo viwili vinaleta kipato sawa, tangulia kuuza kile cha elektroniki ambacho kesho kitakuwa na bei ndogo kuliko leo.

Na ile kodiani ya baba?

Kwa hesabu kavu, kodiani ya marehemu haileti kitu na ingepaswa kuondoka kwanza. Lakini bei yake ni Sh 150,000, haifiki hata theluthi moja ya mahitaji. Akiiuza, tatizo litabaki na kodiani haitarudi tena, hata akipata fedha mara kumi.

Kanuni nzuri ni hii: usiuze kisichorudi kwa fedha isiyotosha. Hii inahusu pia vyombo vya asili. Zeze au marimba ya Kigogo inaweza kuwa na bei ndogo sokoni, lakini kama fundi aliyeichonga hayupo tena, utakayempa fedha akutengenezee nyingine ni nani? Vivyo hivyo kwa wapiga taarabu wa visiwani na mwambao wenye udi au ganuni, chombo chenye nyuzi zaidi ya 70. Huwezi kwenda duka la jirani ukarudi na ganuni.

Hata hivyo, tuwe wakweli. Wapo wanaokiita kila chombo urithi, mwisho wanauza kinachofanya kazi na kubaki na kilichovunjika. Chagua kimoja tu cha moyo. Vingine vyote vipimwe kwa daftari. Na kama kilicholetwa mbele yako ni uhai wa mtoto, uza hata hicho na usijilaumu.

Kabla ya kuuza, jaribu njia hizi

Kukodisha ni njia ya kwanza. Kwaya, shule na wenye mikutano huhitaji vyombo kwa siku moja au mbili. Chukua malipo ya awali, na mweke msimamizi wako aende na chombo.

Njia ya pili ni mkopo mdogo wa kikundi, kama VICOBA au SACCOS, hasa kama wewe ni mwanachama na mavuno yako yanaonekana shambani.

Njia ya tatu ni kuweka rehani, na hapo uangalifu unahitajika. Mkopeshaji wa mtaani anaweza kukupa nusu ya thamani, na usipolipa kwa tarehe chombo kinakwenda. Ukiona huna uhakika wa kulipa, ni bora kuuza kwa bei kamili kuliko kupoteza kwa nusu bei.

Chombo ni cha nani?

Hili limewagombanisha ndugu na vikundi vingi. Katika bendi kubwa za zamani, kwa mfano NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo havikuwa vya wapigaji. Vilikuwa mali ya chama. Mwanamuziki aliyehamia bendi nyingine aliondoka na kipaji chake tu.

Vikundi vya vijijini vina hali ngumu zaidi kwa kuwa mara nyingi hakuna maandishi. Mmoja alitoa fedha za gita, mwingine spika, wa tatu gharama za safari ya kwenda kununua. Chombo kikiwa nyumbani kwako hakijawa chako. Kama kilichangiwa, kaa na wenzako, mkubaliane na muandike, ndipo kiuzwe.

Jinsi ya kupata bei nzuri

Safisha chombo. Gita lenye kutu kwenye nyuzi hushusha bei kuliko gharama ya nyuzi mpya. Vitufe vya kinanda vinavyokwama mara nyingi vina vumbi au mipira iliyochoka ndani, na fundi mzuri anaweza kuvirekebisha. Tafuta adapta, nyaya, mfuko na stendi yake. Kinanda kisicho na adapta mnunuzi hukihesabu kama kibovu. Kiwashe na ukipige mbele yake, na kama kina kasoro, mwambie. Mji ni mdogo, na kesho utataka kumuuzia kingine.

Wafuate wateja wenye shughuli. Kwaya ndizo wanunuzi wazuri wa vinanda na spika, hasa zinapojiandaa kwa Pasaka na Krismasi. Dramu zipeleke kwa bendi na makanisa ya mjini. Uliza bei kwa watu watatu kabla ya kukubali ya mmoja, na ukimtumia dalali kubaliana naye malipo yake mapema.

Angalia na wakati. Baada ya mavuno kikundi kina fedha na kinatafuta vyombo. Wakati wa palizi wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi. Kama mwezi wa Agosti tayari unaona kwamba dramu hazikulipi, ziuze Agosti, fedha uitunze kwa ajili ya mbolea. Mkulima anayejua kwamba kuuza mpunga siku ya kuvuna ni hasara hashindwi kulielewa hili.

Mauziano yaandikwe. Weka majina ya pande zote mbili, aina ya chombo, namba yake iliyoandikwa na kiwanda, bei, tarehe na mashahidi, ikiwezekana mbele ya kiongozi wa mtaa au kijiji. Karatasi hiyo inamlinda pia mnunuzi, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Malipo yakija kwa simu, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kukabidhi chombo. Usiamini ujumbe peke yake.

Anza na daftari

Yote haya hayawezekani kama huna kumbukumbu. Nunua daftari la kurasa chache, kila chombo kipe ukurasa wake. Kila kinapotoka nje, andika tarehe, kilicholeta na kilichokula. Kazi hiyo ni ya dakika tano ukirudi harusini.

Na msimu ukiwa mzuri, weka kando sehemu ndogo ya kila malipo kwa ajili ya shamba. Mwenye akiba, mnunuzi wa asubuhi akigonga hodi, anaweza kumkaribisha chai, wakazungumza mambo ya mvua, na kumwambia kwamba amplifaya haiuzwi.