Ujuzi wa Picha za Kidijitali (3): Kubakiza Rangi Moja Katika Picha Nyeusi na Nyeupe

Katika makala mbili zilizopita tulieleza jinsi kamera ya kidijitali inavyonasa mwanga, kisha jinsi picha ya rangi inavyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Leo tunaichambua mbinu inayopendwa mno katika albamu za harusi: picha nzima imeondolewa rangi, isipokuwa shada la waridi jekundu mkononi mwa bibi harusi.

Mbinu hii ni kongwe kuliko kompyuta. Picha za daguerreotype zilitangazwa Paris mwaka 1839, na haikuchukua muda mafundi wakaanza kuzipaka rangi kwa mkono, hasa mashavu na vito. Mwaka 1925 Sergei Eisenstein alipotoa filamu yake ya Battleship Potemkin, bendera ya mabaharia waasi ilitiwa wekundu kwa mkono, fremu moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 Steven Spielberg alitengeneza Schindler's List, karibu yote nyeusi na nyeupe, lakini akabakiza wekundu wa koti la msichana mdogo anayetembea peke yake huku Wayahudi wakiswagwa kutoka geto la Kraków. Mtazamaji humfuata mtoto yule katika umati. Baadaye koti lile lile linaonekana juu ya mkokoteni wa maiti. Bila wekundu ule tusingemtambua. Rangi imebeba jambo ambalo kijivu kisingeweza kulibeba, na hicho ndicho kipimo cha mbinu hii hadi leo.

Tukiingia ndani ya picha ya kidijitali tutaona kwa nini kijivu hushindwa. Katika picha ya kawaida, kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Namba hizo zikilingana, tunaona kijivu. Ili kuondoa rangi, kanuni iliyozoeleka huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya bluu, kisha huzijumlisha. Kijani hupewa uzito mkubwa kwa kuwa ndicho jicho la binadamu hukiona king'avu zaidi.

Sasa litazame shada letu. Ua la wekundu safi lina namba 255, 0, 0. Kwa kanuni hiyo linakuwa kijivu cha 76. Jani lake la kijani kilichoiva, lenye 40, 100, 40, linakuwa kijivu cha 75. Tofauti iliyokuwa dhahiri machoni imetoweka, na ua limezama katika majani yake. Hapa kubakiza wekundu kuna maana: kunarejesha kitu ambacho picha imekipoteza.

Utekelezaji wake si mgumu. Kwanza, piga picha kwa rangi. Kamera ikihifadhi faili la JPEG lililokwisha kuondolewa rangi, rangi hiyo hairudi tena. Kisha ifungue picha katika Photoshop au GIMP, programu ambayo hupatikana bure. Nakili tabaka la picha ili yawe mawili, uondoe rangi katika lile la juu. Lipe tabaka hilo kifuniko cheupe (layer mask), chukua brashi nyeusi, upake palipo na ua. Kila unapopaka, tabaka la juu linakuwa kama karatasi iliyotobolewa, na rangi ya tabaka la chini inachungulia. Ukivuka mpaka, badili brashi iwe nyeupe, urudie mahali hapo. Usitumie kifutio, kwa sababu kinachofutwa hakirekebishiki kwa urahisi namna hiyo.

Kazi nzuri hujulikana kwenye kingo. Ikuze picha hadi asilimia 200 uzunguke petali moja moja. Faili nyingi za JPEG huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, hivyo wekundu humwagika kidogo nje ya umbo la ua. Brashi yenye ukingo laini husaidia kuuficha. Jihadhari pia na zana ya kuchagua kwa rangi. Ukiiagiza ichague wekundu wote, itakusanya na rangi ya midomo pamoja na hina ya mikononi. Itumie kuanzia kazi, kisha safisha kwa brashi. Rangi ikionekana kupiga kelele, paka kifuniko kwa kijivu badala ya nyeusi, itatulia.

Mbinu hii ina mipaka yake. Picha ya habari isiguswe namna hii, kwa sababu msomaji anaichukulia kama ushahidi, na kumchagulia cha kuona ni kumpotosha. Hata katika harusi, kuifanya kila picha ya albamu hivi kunaua nguvu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kushika brashi, iangalie kwanza picha yako ikiwa kijivu tupu. Macho yakifika yenyewe panapostahili, iache kama ilivyo. Yakipotea njia, bakiza rangi moja, mahali pamoja, nawe uwe na sababu ya kumweleza mteja wako.