Kupiga ngoma Kampala: shikilia mwendo kwanza, mapambo yafuate

Jumapili asubuhi, ukipita Nsambya, Katwe, Makindye au Kansanga, mara nyingi utasikia ngoma kabla hujaliona kanisa. Katika makanisa mengi ya Wakongomani seti ya ngoma ni moja tu, ile tunayoiita batteri, na vijana wanaotaka kukaa nyuma yake ni wengi. Anayepewa nafasi si lazima awe mwenye mikono ya kasi kuliko wote. Mara nyingi ni yule ambaye akipiga, kwaya haiyumbi.

Makala hii ni kwa ajili yako unayepiga ngoma tayari lakini umefika mahali huendelei mbele. Huenda unapiga kanisani, katika kikundi cha ngoma za Burundi, au umeanza kujifunza ngoma za Buganda na majirani zako Waganda. Huhitaji pesa nyingi wala mwalimu wa kulipwa ili uanze. Unahitaji dakika 20 kila siku, masikio yaliyo wazi, na mpangilio.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwanza, kuna kazi. Harusi na sherehe za kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba kwa Waganda, huita vikundi vya ngoma na ngoma hizo hulipiwa. Pili, ngoma hukukutanisha na watu hata kabla hujakijua Kiganda. Ukiweza kukaa katika mdundo wa wengine bila kuuvunja, watakuita tena. Ukiuvunja, watakupigia makofi kwa heshima, lakini simu haitalia.

Ngoma tatu za jijini, fundisho moja

Kampala ina bahati: mila kubwa tatu za ngoma zinaishi karibu karibu. Ukiziangalia vizuri, utaona zote zimejengwa kwa namna moja.

Ya kwanza ni ngoma za Buganda, hasa zile za mchezo wa baakisimba. Empuunyi hutoa mapigo mazito yasiyobadilika. Namunjoloba ni ndogo, hupigwa kwa vijiti, na sauti yake ni ya juu. Embuutu ni kubwa, hupigwa kwa mikono, nayo huzungumza na mchezaji. Engalabi ni ile ndefu yenye ngozi ya kenge. Sauti yake kali hupenya juu ya zote.

Ya pili ni ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Amashakwe hushika mdundo mmoja bila kuuacha. Ibishikizo hufuata anachokiongoza mpigaji wa inkiranya, ngoma ya katikati. Wapigaji hupokezana, kila mmoja akija katikati kuonyesha alichonacho, huku wengine wamemshikia mwendo.

Ya tatu ni batteri ya Kikongo. Mdundo wa kavacha, unaokimbia chini ya magitaa wakati wa sebene, hutajwa kuwa kazi ya Meridjo Belobi, mpiga ngoma wa Zaiko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1969. Sikiliza sebene yoyote ndefu. Gitaa linabadilika, mwitaji anapiga kelele, wachezaji wanabadili mtindo, lakini ngoma ndogo yenye waya chini inarudia mfano wake ule ule kwa dakika nyingi.

Umeona? Kote kuna anayeshikilia, anayejibu, na anayeongoza. Anayeongoza yuko huru kwa sababu kuna aliyeshikilia. Wengi wetu tunataka kuanza na embuutu, inkiranya au mapambo ya batteri. Lakini ukipiga empuunyi au amashakwe kwa miezi michache bila kuchoka, utaongoza vizuri zaidi baadaye, kwa sababu mwendo utakuwa umekuingia mwilini.

Mikono: acha ngoma ikusaidie

Kosa la kwanza la wapigaji wengi ni kukaza mwili. Mabega yanapanda, vidole vinabana, na baada ya nyimbo mbili mkono unauma. Jaribu hivi:

- *Kwa vijiti.* Shika kijiti kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, vidole vingine vikizunguka bila kubana. Kiachie kianguke, halafu kiruhusu kirudi chenyewe. Ngozi iliyokazwa hurudisha kijiti kama mpira unavyodunda. Kazi yako ni kutokizuia. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye bega.
- *Kwa mikono mitupu.* Toa pete kwanza. Sauti nzito hutoka ukipiga karibu na katikati kwa kiganja kizima na kuuinua mkono mara moja. Sauti ya wazi hutoka ukipiga karibu na ukingo kwa vidole vilivyokutana. Pigo moja moja, taratibu, mpaka uweze kutoa kila sauti unapoitaka.
- *Kusawazisha mikono.* Tumia K kwa kulia na S kwa kushoto. Piga K S K S kwa dakika mbili. Kisha K K S S. Kisha K S K K, S K S S. Mtu anayekusikiliza akiwa amefumba macho asijue ni mkono gani umepiga. Akijua, mkono dhaifu uanze wewe kila zoezi.

Maumivu makali ya kifundo au vidole vinavyokufa ganzi ni ishara ya kusimama. Pumzika, legeza mkono, rudi kwa mwendo wa chini. Kupiga juu ya maumivu hakumfanyi mtu kuwa hodari. Kunamharibu.

Mwendo: tatizo huonekana kwenye mapambo

Karibu kila mpigaji anayejifunza hukimbia mahali pamoja: anapotoka kwenye mdundo wa kawaida kwenda kwenye pambo. Moyo unapanda, mikono inaharakisha, na anaporudi, kwaya iko nyuma yake. Waimbaji hawatajua kusema kosa ni nini. Watasema tu kwamba wimbo umekuwa mgumu kuimba.

Dawa yake ni mazoezi manne.

*Hesabu kwa mdomo.* Piga huku ukisema moja, mbili, tatu, nne. Ukishindwa kuhesabu na kupiga pamoja, bado hujaujua mdundo huo. Punguza mwendo.

*Tumia metronomu ya simu.* Kuna programu za bure ambazo ukishapakua hazihitaji intaneti. Anza na mapigo 60 kwa dakika. Ni polepole, na utashangaa jinsi kulivyo kugumu. Ukipiga dakika tatu bila kosa, ongeza mapigo 5. Ukikosea, rudi nyuma 5.

*Zoezi la tatu kwa moja.* Piga mdundo wa kawaida mara tatu, kila mara kwa hesabu ya nne. Mara ya nne weka pambo. Kisha utue tena kwenye moja. Pambo lolote ambalo halikurudishi kwenye moja kwa wakati, likate nusu. Pambo fupi linalotua ni bora kuliko refu linaloanguka.

*Jirekodi.* Weka simu mbali kidogo, rekodi wimbo mzima, usikilize kesho yake. Siku hiyo hiyo utasikia ulichokusudia. Kesho utasikia ulichopiga.

Kama unatoka kwenye batteri na unataka kuingia katika baakisimba, utakutana na jambo jipya: mapigo ya tatu na ya mbili yanayotembea pamoja. Usiogope. Hesabu moja mpaka sita. Mkono upige kwenye 1, 3 na 5. Mguu upige kwenye 1 na 4. Utapata mpangilio huu: wote pamoja, mkono, mguu, mkono. Useme kwa mdomo mara nyingi, kisha upige kwenye mapaja. Ukishaukaa mwilini, nenda kaa karibu na mpigaji wa empuunyi na usikilize kabla hujagusa ngoma yoyote.

Kubuni papo hapo: badili kitu kimoja

Watu hudhani kubuni ni kupiga vitu vingi vipya. Wanaojua hubuni kwa vitu vichache. Chukua mdundo unaoujua kama jina lako, halafu ubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja:

- Ondoa pigo moja. Ukimya ni sehemu ya mdundo.
- Piga vile vile, lakini pigo moja liwe na nguvu na mengine yawe ya chini.
- Hamisha sehemu ya mdundo kutoka ngoma moja kwenda nyingine.
- Uliza na ujibu: mpigaji mmoja apige maneno mafupi, mwingine ajibu kwa urefu ule ule.

Zoezi la kuuliza na kujibu linafaa sana mkiwa wawili, hata kama mmoja ni Mrundi na mwingine ni Mganda na hamna lugha moja. Pokezaneni: mmoja ashikilie kwa dakika mbili, mwingine acheze, kisha mbadilishane.

Halafu uliza: nani anakusikiliza? Katika baakisimba mpigaji wa embuutu huangalia kiuno na miguu ya mchezaji. Katika sebene mpiga batteri humsikiliza mwitaji na gitaa. Kanisani maneno ya wimbo yanatangulia. Pambo lako likifunika neno ambalo watu wamekuja kuliimba, umekosea hata kama mikono ilikuwa sahihi.

Kama huna ngoma

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja cha kupanga, ule mzigo wa Kampala, ukuta mmoja na jirani. Huwezi kupiga ngoma humo. Lakini unaweza kufanya mazoezi. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya gari, ukifunge vizuri juu ya ubao. Kinarudisha kijiti na hakina kelele. Kwa mazoezi ya mikono mitupu, mapaja au mto vinatosha. Mazoezi ya kuhesabu unaweza kuyafanya hata ukiwa kwenye teksi.

Kikundi kikitaka kununua ngoma za Kiganda, Mpambire, katika wilaya ya Mpigi kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, inajulikana kwa mafundi wa ngoma. Nenda na mtu anayejua kusikiliza, gonga kila ngoma, na angalia kama ngozi imekazwa sawa pande zote. Msimu wa mvua ngozi hulegea. Ianike juani kwa muda kabla ya kupiga, usiiache humo siku nzima.

Wasichana nao

Katika mila nyingi za eneo letu ngoma ilikuwa kazi ya wanaume. Nchini Burundi, amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma za kifalme. Hapa Uganda mambo yamebadilika, na wasichana hupiga ngoma katika mashindano ya shule. Kila kikundi kina wazee wake na mazungumzo yake, na ni vizuri kuzungumza kwa heshima. Lakini kwa upande wa ufundi jibu ni rahisi: yote yaliyoandikwa hapa yanategemea kifundo cha mkono kilicholegea na sikio linalosikiliza. Hayo msichana anayo.

Masikio, majirani, malipo

Mlio unaobaki masikioni baada ya ibada ni onyo. Usikivu ukipotea haurudi. Nunua viziba masikio kwenye duka la dawa, na usikae mbele ya spika. Pamba peke yake haitoshi.

Kelele zina kanuni nchini Uganda, chini ya mamlaka ya mazingira NEMA, na nyumba za ibada zinahusika pia. Zungumza na majirani na mwenyekiti wa LC1 mapema kuhusu siku na saa za mazoezi. Mkubaliane kabla ya ugomvi, si baada yake.

Ukiitwa kupiga kwenye sherehe, pateni makubaliano kabla ya kutoka nyumbani: saa ngapi, malipo kiasi gani, nani analipia usafiri wa ngoma. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kuwa ushahidi.

Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza: mikono tu, mapigo 60, dakika 20 kwa siku. Wiki ya pili: ongeza kuhesabu kwa mdomo na ujirekodi mara mbili. Wiki ya tatu: zoezi la tatu kwa moja. Wiki ya nne: tafuta mtu wa mila nyingine, umwombe akuonyeshe mdundo wa kushikilia, si wa kuongoza. Ushike dakika kumi bila kuongeza kitu.

Hizo dakika kumi zitakuwa ndefu. Utatamani kupamba. Usipambe. Yule anayeongoza akigeuka na kuona bado uko pale pale, atakuamini na kwenda mbali zaidi. Siku nyingine atakuachia wewe uongoze.