Ghala la Programu Huria na Kanuni Zake

Ghala la programu huria ni mahali ambapo watungaji huweka vifurushi vya maagizo ya kompyuta ili wengine wavitumie katika kazi zao. Uthabiti wake hautokani na mitambo peke yake, bali na kanuni. Mnamo Machi 2016, mtungaji mmoja aliondoa katika ghala la npm kifurushi chake, left-pad, chenye mistari 11 tu. Programu nyingi zilizokitegemea kupitia vifurushi vingine zikashindwa kuundwa. Mwezi huo huo npm ikaamua kwamba kifurushi kilichopitisha saa 24 kisiondolewe na mwenyewe kwa hiari yake. Neno likishaenea, mbuni wake hawezi kulifuta kamusini. Basi apangaye ghala hana budi kuamua mapema: nani aruhusiwe kufuta?