Fahamu: Kwa nini tovuti hujumlisha 5 na 3 na kupata 53?

Unachokiandika kwenye kisanduku cha fomu ya tovuti hufika kwenye programu kikiwa maandishi, hata kama ni umri au bei. Programu hukihifadhi ndani ya kigeu, yaani nafasi yenye jina ya kuwekea data, na hapo maswali huwa mawili: ni data ya aina gani, na ikikosekana kitumike nini?

Uhakiki wa aina

Lugha ya programu ya JavaScript haiulizi sana. Ukijumlisha "5" ya maandishi na 3, inakupa "53". Ukitoa, inakupa 2. PHP nayo, hadi lilipotoka toleo la 8 mwaka 2020, ilikubali kwamba 0 == "abc", yaani kwamba 0 ni sawa na maandishi "abc". TypeScript ya Microsoft, iliyotangazwa 2012, hukagua aina kabla programu haijaanza kufanya kazi, lakini haioni atakachojaza mtumiaji baadaye. Hicho lazima kihakikiwe kwenye seva. Ukaguzi wa kivinjari pekee hukwepeka kirahisi.

Thamani ya chaguo-msingi

Hutumika pale kigeu kisipopewa kitu. Mtego ni sifuri. Alama || ya JavaScript huichukulia sifuri kama pengo, hivyo muuzaji aliyeweka punguzo la 0 anaweza kujikuta ametoa, tuseme, 10 ikiwa ndiyo thamani ya chaguo-msingi. Alama ??, iliyoongezwa 2020, huiacha sifuri ilivyo.