Fahamu: Teknolojia na watoto wanaojifunza kwa njia tofauti

Ni nini?
Ni vifaa na programu zinazompa mtoto zaidi ya njia moja ya kujifunza jambo lilelile. Kiziwi hupata video ya lugha ya alama, mwenye uoni hafifu hukuza herufi, na anayechelewa kuelewa hurudia somo bila kuchekwa na wenzake. Hili la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana.

Tanga ilionyesha nini?
Programu za shindano la Global Learning XPRIZE zilijaribiwa mkoani Tanga, Tanzania, kwa miezi 15. Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili na hesabu, zilizochajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni kiwango hicho kilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindani wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Kitkit School ni kazi ya Enuma, kampuni ya wazazi walioanza kubuni programu za masomo kwa sababu ya mtoto wao mwenye mahitaji maalumu.

Mipaka yake
Tableti haijui kwamba mtoto amenyamaza kwa sababu ana njaa. Mwalimu anajua, na ndiye anayepaswa kuchagua nani atumie nini, na lini. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani linashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku.